Kazi ya kocha ku vyuo vya Marekani: miguu peke haitoshe

Kijana mmoja alikuja ku ofisi yetu, simu mkononi. Ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari, na asubuhi mbele ya masomo anakimbiza watoto wa kartie yake. Alitusomea ujumbe wenye alipokea: chuo kikuu cha Marekani kinatafuta kocha wa mbio, mshahara dolari 4.000 kwa mwezi, nyumba na motokari juu yake. Mwenye kutaka atume dolari 350 « za kufungua dosye », kwa njia ya simu, mbele ya Ijumaa. Alikuwa amekwisha kutuma 150. Hizo pesa zilikuwa minerval ya mdogo wake.

Alituuliza: « Bakubwa, nimalizie ile ingine, ao nimekwisha kuibiwa? »

Tulimwambia ukweli: umeibiwa, usitume hata franka moja tena. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza tena: « Sawa. Lakini ile kazi yenyewe, iko ao haiko? »

Swali hili la pili njo linatufanya tuandike leo. Juu ya wezi wa simu tumekwisha kuandika mara mingi. Lakini mtu akiibiwa kwa jina la kitu chenye kiko kweli, haitoshe kumwambia « jihazari ». Inafaa kumwonyesha kile kitu chenyewe kinakaa wapi, kinaombwa ginsi gani, na nani anaweza kukipata. Akijua njia ya kweli, ile ya uongo ataiona mbali.

Basi, kazi iko. Ku Marekani, mbio ni jambo la shule. Hapa kwetu mkimbiaji ni wa klabu ao wa jeshi. Kule, vijana wengi wanaanza kukimbia ku sekondari, kisha wanaendelea ku chuo kikuu. Shirika kubwa la michezo ya vyuo, NCAA, lilianza mwaka 1906, na leo liko na vyuo karibu 1.100 vyenye kugawanywa katika divisheni tatu. Pembeni yake kuko NAIA, yenye vyuo vidogo zaidi, na NJCAA, ya vile vyuo vya miaka miwili. Vyuo vingi kati ya hivi viko na timu ya mbio, ya wanaume na ya wanawake, na timu inahitaji kocha mkubwa na wasaidizi. Kwa hiyo kila mwaka kuko watu wenye kuacha kazi na watu wenye kuingia.

Lakini tujue vizuri ile kazi ni nini. Wengi wetu tunazania kocha ni mtu mwenye firimbi na saa, anasimama pembeni ya uwanja anapiga kelele. Ku chuo cha Marekani kocha ni mfanyakazi wa shule, sawa vile profesa ao mtunza vitabu. Anaandika programu ya mazoezi. Anatafuta wanafunzi wapya, anaongea na wazazi wao, anafuata kama wanapita masomo, juu mwanafunzi mwenye kuanguka darasani hana haki ya kukimbia. Anahesabu pesa za safari. Anaendesha basi ndogo ya timu. Anajua kanuni za NCAA, zenye ni kitabu kizima. Na mwaka wake uko na misimu mitatu: kros, ni kusema mbio za nyika, kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja; mbio za ndani ya nyumba wakati wa baridi; na mbio za uwanja mpaka mwezi wa sita. Mapumziko ni kidogo.

Kutoka hapo tunaelewa kitu cha kwanza: nafasi nyingi zinatangazwa kuanzia mwezi wa sita, kisha mashindano ya mwisho ya uwanja, mpaka mwezi wa nane, mbele ya kros kuanza. Kocha mkubwa wa chuo fulani akienda ku chuo kikubwa zaidi, nafasi yake inafunguka. Msaidizi wa kwingine anaichukua, na nafasi ya huyo msaidizi nayo inafunguka. Mtu mwenye kuamka mwezi wa kumi kutafuta, anakuta meza imekwisha kufutwa.

Kitu cha pili: matangazo yanatoka hazarani. Kila chuo kiko na ukurasa wake wa intaneti wa kazi, na pale njo dosye inaingia. NCAA iko na ukurasa wake wa kazi wenye jina NCAA Market. Umoja wa makocha wa mbio za vyuo, USTFCCCA, wenye kikao chake New Orleans, nao unatangaza nafasi. NAIA vilevile. Kuko tena HigherEdJobs, yenye inakusanya kazi za vyuo vya kila namna, toka mpishi mpaka mkuu wa chuo. Kusoma haya yote ni bure. Kutuma dosye ni bure. Tunarudilia, juu mdogo wa yule kijana wetu hajaingia darasani mpaka leo: chuo cha kweli hakiombe mtu pesa ili kimwandike kazi. Kinyume chake, kazi njo inamlipa mtu.

Sasa ile tangazo inasema nini? Tumesoma mengi, na yanafanana. Mstari wa kwanza unaomba diploma ya chuo kikuu, ile wanaita bachelor. Mara mingi wanaongeza kwamba mwenye master atapendelewa. Kisha wanaomba uzoefu wa kufundisha mbio, na ikiwezekana ku chuo. Wanaomba permi ya kuendesha motokari. Wanasema wataangalia kama mtu ana kesi ku tribinali. Kuko wenye kuomba cheti cha kusaidia mtu mwenye ameanguka na moyo umesimama, na cheti cha mafunzo ya kulinda vijana wasizulumiwe na wakubwa. Kuko wenye kupenda vyeti vya ukocha vya USTFCCCA ao vya USA Track & Field. Mwishoni wanaomba vitu vitatu: barua, CV, na majina ya watu watatu wenye wanaweza kushuhudia kazi yako.

Angalieni kile hakiko katika ile orodha. Hawaombe medali. Hawaombe mtu awe amekimbia Olimpiki. Hapa njo vijana wetu wengi wanapotea. Wanazania kwa sababu Mwafrika anajua kukimbia, mlango utafunguka wenyewe. Mkimbiaji na kocha ni kazi mbili. Mwenye anakula vizuri si lazima ajue kupika.

Tuchukue mfano wa Bernard Lagat. Alitoka Kenya akaenda kusoma Washington State University. Alipata medali ya shaba ya mita 1.500 Sydney mwaka 2000, ya feza Athens mwaka 2004, na mwaka 2007 kule Osaka akashinda mita 1.500 na mita 5.000 pamoja, wakati huo akikimbilia Marekani. Kisha yote hayo akakuwa kocha ku University of Arizona. Mtu atasema: ona, medali zilimfungulia. Lakini angalieni mwalimu wake mwenyewe, mwenye alimfundisha kule Washington State na miaka yote iliyofuata: James Li, mtu wa China. Huyo hakuingia na medali ya Olimpiki mkononi. Aliingia na masomo.

Ama tuchukue Paul Ereng. Alikuwa mwanafunzi wa University of Virginia wakati alishinda mita 800 ku Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988. Miaka ilipita, akakuwa kocha wa kros ku University of Texas at El Paso, chuo kilekile chenye Mtanzania Suleiman Nyambui alikimbilia mbele ya kupata medali ya feza ya mita 5.000 Moscow mwaka 1980. Ereng na Lagat, wote wawili, waliingia Marekani kupitia mlango wa darasa. Ukocha ulikuja nyuma, wakati walikuwa wamekwisha kujua lugha, kanuni, na watu.

Na kama mtu bado anazania kocha anatoka tu kwa wakimbiaji, aende kuuliza Iten, kule Kenya. Mwaka 1976 bruda mmoja kutoka Irlandi, Colm O'Connell, alifika ku shule ya St Patrick's kufundisha jeografia. Ukocha hakusomea. Alianza kuangalia, kuuliza, kusahihisha. Miaka ikapita, na kati ya vijana wenye alifundisha kuko David Rudisha, mwenye alishinda mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1, segonde 40 na nukta 91, wakati wenye hakuna mtu alikuwa amekwisha kukimbia. Mwalimu wa jeografia! Tunasema hivi kwa wale walimu wetu wa sekondari wenye wanazani hawana sifa: kazi ya kocha ni kazi ya mwalimu, na ninyi mko ndani yake tayari.

Na sisi Wakongomani? Tuko na mfano wetu. Makorobondo Salukombo ni mtoto wa Kirotshe, kule Kivu ya Kaskazini, pembeni ya ziwa. Vita ilifukuza familia yake, wakafika Marekani, ku jimbo la Ohio. Alisoma Denison University, chuo cha divisheni ya tatu. Ile divisheni haitoe bursi ya michezo hata moja. Mtu anaingia kwa masomo yake, kisha anakimbia. Alikimbilia Kongo marathoni ya Rio mwaka 2016. Na alirudia Kirotshe kufundisha watoto wa kwao kukimbia na kusoma. Hakungoja mtu amuite kocha. Wenye wanasema « kwetu haiwezekane », wakumbuke ile kijiji.

Basi, nani kati ya wasomaji wetu anaweza kuomba hizi kazi leo? Tuongee wazi, bila kupaka mafuta.

Wa kwanza ni ndugu zetu wenye wako kule tayari. Wakongomani wengi wamepelekwa Marekani kama wakimbizi. Mkimbizi mwenye amepokelewa kule ana haki ya kufanya kazi. Chuo hakihitaji kumwombea visa. Huyu njo ana mlango wazi kuliko wote, na mara mingi hajue. Anafunga makartoni usiku ku depo, na siku ya posho anakimbiza watoto wa jirani bure. Kwake tunashauri aanze chini. Shule ya sekondari ya mtaa wake inahitaji msaidizi wa kocha. Malipo ni kidogo, lakini jina lake linaandikwa mahali. Kisha chuo cha miaka miwili. Kisha chuo kidogo cha NAIA ao cha divisheni ya tatu. Asidharau lugha zake: chuo chenye wakimbiaji kutoka Kenya, Burundi ao Rwanda kinafurahi kupata kocha mwenye anaweza kuongea na mama ya mtoto kwa Kiswahili ao kwa Kifaransa ku simu.

Ule ndugu akumbuke diploma yake ya Kongo. Si karatasi ya kutupa. Kule kuko nyumba zenye kazi yao ni kupima diploma za inje. Zile za kuaminiwa ziko katika umoja wenye jina NACES. Wanahitaji releve ya kote ya kila mwaka, si diploma peke. Na wajue kwamba gradua yetu ya miaka mitatu na lisansi ya miaka mitano, zile za mfumo wa zamani, hazipimwe sawa. Ninyi wenye mko bado hapa, chukueni releve zenu sasa, wakati sekretere wa chuo anawajua. Mtu akiwa Ohio, kutafuta karatasi Lubumbashi ao Bukavu ni mateso.

Wa pili ni wanafunzi. Kuko njia moja yenye vijana wa Marekani wenyewe wanapitia: chuo kinamchukua mtu kama msaidizi wakati anasoma master. Anafundisha mbio masaa fulani kwa juma, chuo kinamlipia masomo, yote ao nusu, na kinampa pesa kidogo ya kula. Wanaita hiyo graduate assistant. Mgeni mwenye visa ya mwanafunzi anaweza kuifanya, juu ni kazi ya ndani ya chuo chake, na haipite masaa 20 kwa juma wakati wa masomo. Akimaliza, anaruhusiwa mara mingi mwaka mmoja wa kufanya kazi yenye kufanana na masomo yake. Njo ngazi yenyewe. Ngazi ingine ya zamani, ile ya kocha wa kujitolea ku divisheni ya kwanza, ilitolewa mwaka 2023. Mtu mwenye kuwaahidi hiyo nafasi leo hajue anaongea nini.

Wa tatu ni yule mwalimu wetu wa asubuhi, mwenye yuko hapa, ana lisansi ao gradua, hana visa. Kwake ukweli ni mgumu, na tunausema juu wezi hawatausema. Ili mtu wa inje achukuliwe kazi moja kwa moja, chuo chenyewe njo kinapashwa kumwombea karatasi serikalini, mara mingi ile visa ya H-1B. Matangazo mengi yanasema wazi kwamba chuo hakitafanya hivyo. Na tangu mwezi wa tisa 2025, rais wa Marekani aliweka malipo ya dolari 100.000 juu ya maombi mapya ya H-1B kwa watu wenye wako inje. Chuo kidogo gani kitalipa hizo pesa kwa kocha msaidizi? Kwa hiyo mtu akiwa Kongo na akiambiwa « wiki mbili unaruka », ajue ni uongo. Njia yake ni shule kwanza: Kiingereza, diploma, maombi ya master, kisha ukocha. Ni miaka. Lakini miaka itapita hata hivyo.

Hatuko peke yetu katika huzuni hii. Mwaka 2023, kule Eldoret, mji wa wakimbiaji wa Kenya, wazazi waliandamana barabarani juu ya pesa walilipa ili watoto wao waende kusoma Finland na Kanada, na watoto walibaki nyumbani. Kama kule kwenye wanajua hizi njia tangu miaka 50 watu wanapoteza pesa zao, hapa kwetu tusione haya kuuliza mara mbili.

Alama za mwizi ni hizi. Anaomba pesa mbele ya mtu kuongea na chuo. Anatumia anwani ya barua yenye kila mtu anaweza kufungua, wakati anwani za vyuo vya Marekani zinamalizika na .edu. Hakuulize umefundisha nani. Anaharakisha: leo, kesho, mbele ya Ijumaa. Na ile kazi yenyewe haiko ku ukurasa wa chuo. Hii ya mwisho inatosha peke yake. Fungua ukurasa wa chuo, angalia sehemu ya kazi. Kama haiko pale, haiko.

Tuje sasa ku dosye, juu hata mwenye ana haki anaweza kuanguka hapa. Tuliomba yule kijana atuonyeshe CV yake. Ilisema: « Kocha wa mbio, miaka sita, matokeo mazuri. » Tukamuuliza: mazuri ginsi gani? Akaanza kueleza. Msichana fulani alifika kwake akikimbia mita 1.500 kwa dakika 6 na zaidi; kisha mwaka mmoja alikuwa chini ya dakika 5 na nusu. Kijana mwingine aliumia goti, akampumzisha juma sita, akamrudisha polepole na maji ya ziwa. Watoto 14, na katika miaka yote sita ni wawili tu waliacha masomo. Tulibaki kinywa wazi. Yote hayo yalikuwa kichwani mwake, hakuna hata mstari ku karatasi!

Ndugu, ile njo CV. Mtu mwenye kusoma dosye Marekani hakujue, hajue kartie yako, hajue milima yenye unapanda. Anajua hesabu: wangapi, kutoka wakati gani mpaka wakati gani, kwa muda gani. Chukua kaye moja. Andika tarehe, jina, umbali, wakati. Andika mazoezi ya kila juma na sababu yake. Andika wenye waliumia na ulifanya nini. Usiongeze segonde: matokeo ya vyuo vya Marekani yako ku intaneti kwa kila mtu kusoma, na uongo mdogo unafukuza dosye nzima.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, ijibu tangazo mstari kwa mstari. Wakiomba mtu wa kros na mbio ndefu, usiwaambie juu ya kuruka na kutupa mkuki. Usitume barua moja ku vyuo 40. Siku utasahau kubadilisha jina la chuo, na wataicheka. Wale watu watatu wa kushuhudia, waulize mbele, wawe wenye wameona ukifundisha: mkuu wa shule, mzazi, kocha mwenzako. Shemeji yako mwenye cheo hapana, hata kama anakupenda. Na ukiitwa kuongea ku simu, watakuuliza swali moja bila kukosa: mwanafunzi wako akianza kukimbia vibaya, utafanya nini? Mwenye ana kaye yake atajibu na mfano. Mwenye hana, atajibu na maneno.

Mpaka hapa tumeongea na vijana. Sasa tuongee na wakubwa wa nchi.

Kwa nini kocha wetu wa miaka sita hana hata karatasi moja ya kuonyesha? Si juu ya uvivu. Hakuna mtu alimpa. Klabu haikumwandikia kontra. Shule inamlipa masaa ya darasa, lakini masaa ya asubuhi haiyaone. Mkimbiaji wake akishinda, jina lenye linasomwa ku mikro ni la prezida wa klabu. Na nafasi ya ukocha ikifunguka mahali, hatuione ku ukuta ao ku gazeti. Tunasikia tu kwamba imekwisha kuchukuliwa na mtoto wa fulani. Tunacheka wezi wa simu wenye wanauza kazi yenye haiko. Lakini walizoesha nani vijana wetu kuamini kwamba kazi inapita kwa bahasha na kwa mtu wa ndani? Si Wamarekani.

Tunaomba vitu vinne, na hakuna chenye kinahitaji stade mpya. Moja: kila klabu na kila shule iandikie kocha wake karatasi ya mwisho wa mwaka, yenye sahihi na muhuri: alifundisha nani, tangu siku gani, na matokeo gani. Mbili: ligi za majimbo zitunze matokeo ya kila shindano kwa maandiko, na zitoe kopi kwa mwenye kuomba. Tatu: mafunzo ya ukocha ya World Athletics, yenye kwa Afrika ya Kifaransa yako na senta Dakar, yasiwe safari ya viongozi peke; waende wale wenye viatu vina vumbi, na wanawake wawe ndani. Ine: nafasi ya kocha ya chuo, ya klabu ao ya timu ya taifa itangazwe hazarani, na tarehe, na mashariti, na mahali pa kupeleka dosye. Hata kama mshahara ni kidogo. Hata kama ni kazi ya bure.

Tunajua kuko wasomaji wenye watatuandikia: « Bakubwa, muko nafundisha batoto betu kukimbia inchi. » Hapana. Tunawafundisha kuwa na karatasi. Kaye yenye inaweza kusomwa Ohio inaweza kusomwa Kalemie vilevile. Kocha mwenye anaweza kuonyesha kazi yake, ni vigumu kumfukuza bila kumlipa, na ni vigumu kumpa nafasi yake mtu mwenye hajue hata kushika saa. Na wenye watapita kule, watarudi na kitu, sawa vile yule wa Kirotshe alirudi. Wasipopita kwa njia ya kweli, watapita kwa ile ya mwizi. Ile njo tunaona kila siku.

Yule kijana alirudi tena wiki iliyofuata. Dolari 150 hazikurudi, na hatufikiri zitarudi. Mkuu wa shule ya mdogo wake amekubali alipe kidogo kidogo mpaka mwisho wa mwaka; tunamshukuru. Alikuwa na kaye mpya chini ya mkono, ukurasa wa kwanza umejaa: majina 14, tarehe, umbali, wakati. Alituuliza namna ya kuandika « goti » kwa Kiingereza. Tukamwandikia.